Mashua ya Fundi wa Mabenchi

Mume wangu Patrisi ni mtu mwema, ila ana ugonjwa mmoja: akiwa mkutanoni, mkono wake hunyanyuka kabla ya akili. Mkono huo ndio ulioniharibia likizo ya Juni, mwaka themanini na moja.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu pale Ganako, na likizo yangu nilikuwa nimeipanga vizuri. Tungekwenda Arusha kwa shemeji yangu, nilale mpaka jua litoke, ninywe soda baridi, nizunguke sokoni nikiangalia vitu nisivyoweza kuvinunua. Wasichana wetu wawili, Lukresia na Konsolata, walikuwa wameshaanza kugombania nani atakaa dirishani kwenye basi. Basi Jumapili moja baada ya misa, kwenye mkutano wa jumuiya, akasimama Piusi, dereva wa lori la vitunguu, akatoa habari za Mang'ola. Mvua zilikuwa zimezidi, alisema. Ziwa Eyasi limepanda, limemeza njia, na pale mto unapoingia ziwani hapapitiki tena. Wakristo wa ng'ambo hawafiki kanisani, wagonjwa wao hawafiki zahanati, na kuzunguka kwa miguu ni safari ya kulala njiani. Wanachohitaji ni boti.

"Nani hapa anaweza kutengeneza boti?" akauliza mwenyekiti.

Kuuliza swali hilo Karatu ni sawa na kuuliza nani anajua kufuga nyangumi. Sisi ni watu wa ngano, maharage na ng'ombe. Maji tunayoyajua ni ya chemchemi na ya ukungu. Wazee wetu wa Kiiraqw walituonya tangu utotoni kwamba maji yana wenyewe, usiyazoee, na mpaka leo hata mtu wa kupokea komunyo kila Jumapili huharakisha mwendo akipita bwawani peke yake. Katika watu wote waliokuwa pale hakuna aliyejua kuogelea. Mkono wa Patrisi ukanyanyuka.

"Mimi ni fundi," akasema. "Mbao ni mbao."

Watu wakapiga makofi. Nikajua soda yangu imekwenda.

Ningeweza kumgombeza njia nzima mpaka nyumbani, na nilikuwa nimeshaandaa maneno. Lakini Piusi aliniita pembeni, karibu na lori lake.

"Mwalimu, nimetumwa na mdogo wako," akasema. "Germana."

Germana ni mdogo wangu, kitinda mimba kwetu. Miaka minne kabla ya hapo alipendana na Lomayani, kijana wa Kimasai kutoka Endulen, huko juu Ngorongoro, mwinjilisti wa Kilutheri mwenye sauti nzuri na ng'ombe wachache. Baba alikataa. Wakaoana hukohuko kwa Walutheri bila yeye, kisha Lomayani akatumwa kuhubiri ng'ambo ya Mang'ola. Sasa mjue baba yetu ni nani. Mzee Wilibrodi wa Daa alikuwa katekista kwa umri wangu wote. Nusu ya Daa imefundishwa ishara ya msalaba na mkono wake. Jambo lile lilimkata maini. Hakumlaani binti yake, maana kwetu laana ya mzazi si kitu cha kuchezea. Alinyamaza tu. Ukitaja jina la Germana mbele yake, anainuka anakwenda kuangalia mizinga yake ya nyuki.

"Ana mtoto wa kike, ameshaanza kutembea," Piusi akaendelea. "Hawajambatiza. Anasema hatabatizwa mpaka babu yake afike, ampe jina kwa mdomo wake mwenyewe. Sasa hivi wanamwita Nanyokie kwa ajili ya wekundu wake, lakini hilo ni la kumbembelezea tu. Mchungaji anashuka kutoka Ngorongoro mwisho wa Juni, na akiondoka hawajui atarudi lini."

"Na Baba asipofika?"

"Anasema mtoto atakaa hivyohivyo."

Germana ni mkaidi. Ukaidi wenyewe hakuuokota njiani.

Basi ndani ya kazi ya Patrisi nikapata kazi yangu ya siri. Yeye apeleke mashua ziwani, mimi nimpeleke Baba ng'ambo. Yangu ndiyo iliyokuwa ngumu.

Shule zilipofungwa, ua wetu ukajaa mbao za msonobari. Patrisi alikuwa hajawahi kuona mashua kwa macho yake. Aliyoijua ni ile ya kwenye picha ya katekisimu, Bwana Yesu amelala na mitume wamepanua midomo kwa hofu, nayo aliiazima kanisani akaitundika kwenye nguzo ya banda. Aliitazama picha ile kuliko alivyonitazama mimi tukiwa wachumba. Majirani wakaja kusaidia kila siku, wake kwa waume. Wanaume walishika randa, sisi tukapika makande na chai ya asali, kwa sababu sukari mwaka ule ilikuwa ni jina tu. Tulisali asubuhi, tukataniana mchana kutwa, na jioni kila mtu akaenda kwake na vumbi la mbao kichwani. Niseme ukweli, baada ya siku chache nikaisahau Arusha.

Lakini mkono uliozoea hauachi mazoea. Patrisi ametengeneza mabenchi ya makanisa yote ya pande zile, na alipofika mahali pa kuweka viti, akaweka mabenchi. Yana egemeo la mgongo. Na chini ya kila benchi, bila hata kufikiri, akapigilia ubao wa kupigia magoti.

"Baba Lukresia," nikamwuliza, "huo wa nini?"

Akautazama ubao. "Watu wakitaka kusali," akasema.

"Ndani ya boti?"

"Kwani mitume hawakusali ndani ya boti?" Akanionyesha picha. Nikamwacha. Makasia nayo aliyachonga mafupi na mapana, kama miiko ya kusongea ugali wa msiba.

Tatizo likawa mianya kati ya mbao. Rangi hakuna, lami hakuna. Duka la kijiji lilikuwa na rafu safi na muuzaji aliyesinzia. Patrisi akakuna kichwa.

"Nta," nikasema. Nilisema haraka mno, akageuka kuniangalia.

Kesho yake nikaenda Daa. Baba alikuwa kwenye miti yake, anaishi peke yake na nyuki tangu Mama afariki.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umekonda."

"Sijakonda, Baba."

"Basi gauni limenenepa."

Ndivyo anavyosema anampenda mtu. Nikamweleza: nta inatakiwa kwa kazi ya Mungu, mashua ya waamini wa Mang'ola, wale wa ng'ambo. Alijua vizuri nani anaishi ng'ambo. Akainuka akaenda kuangalia mizinga. Nilikaa pale nikang'oa majani mpaka nikasafisha kipande kizima cha shamba. Aliporudi alikuwa amebeba gunia begani.

"Hii ni nta ya mishumaa ya altare," akasema. "Haitoi moshi na haivuji. Mpelekee mumeo. Mimi siendi popote."

"Hakuna aliyekuomba uende, Baba."

Asubuhi iliyofuata, kabla chai haijachemka, Baba alikuwa uani kwetu. Amekuja, alisema, kuhakikisha hatuunguzi nta yake. Siku ya pili akaja kuhakikisha haichanganywi na kitu. Siku ya tatu akawa ndiye anayeiyeyusha mwenyewe kwenye sufuria, amekunja mikono ya koti, huku Patrisi akiimimina kwenye mianya kwa kijiko. Juni ya Ganako ukungu hauondoki mpaka mchana, na nta ile ilikuwa ikigusa mbao tu inakuwa jiwe. Baba akaigonga kwa msumari. "Sikieni," akatuambia wote. "Hiyo ni nta ya Daa."

Siku ya kuijaribu mashua likazuka swali: tutaijaribia wapi? Bwawa la kijiji lilikuwa dogo kuliko mashua yenyewe. Patrisi akafikiri, akatoa hoja ambayo wote tuliiona ina akili sana. Kama maji yakiwa ndani hayatoki nje, alisema, basi yakiwa nje hayataingia ndani. Hata mimi mwalimu wa hesabu nilitikisa kichwa nikakubali. Tukachota maji chemchemini, msururu wa akina mama na ndoo kichwani, tukaijaza mashua mpaka mdomoni. Halikudondoka hata tone. Ng'ombe wa jirani wakaja wakanywa humo, na Baba akaizunguka mikono ikiwa nyuma kama askofu anayekagua seminari. Tukapiga vigelegele.

"Huko chini watu hawajui nta," Baba akasema maji yalipokuwa yanamwagwa. "Lazima aende mtu anayeijua."

"Nani sasa, Baba?" nikauliza, nikijifanya nafunga kilemba.

"Si mimi? Nitafika ukingoni, nitaikabidhi, nitarudi na lori."

"Sawa, Baba." Moyoni nilikuwa nacheza ngoma.

Ijumaa ya mwisho wa Juni tukaipakia mashua kwenye lori la Piusi, imefunikwa kifudifudi, nasi tukapanda na wasichana, wanakwaya na debe la maharage. Kabla ya kuondoka Baba akaongoza slufay, ile sala yetu ndefu ya Kiiraqw ya kubariki, na watu wakamwitikia kila mstari. Aliomba njia iwe laini, ng'ombe wapate majani, akina mama wazae salama. Hakuomba chochote kuhusu ng'ambo. Nilisikiliza kwa makini.

Kutoka Karatu kwenda Mang'ola ni kushuka, na kila unaposhuka unavua nguo. Juu tulikuwa na makoti na masweta. Tulipofika bondeni tumebaki na magauni, jasho linatutiririka, na vumbi limetugeuza rangi moja wote. Watu wa kigango cha Mang'ola walitupokea kwa nyimbo. Walikuwa mchanganyiko: Wairaqw wenzetu, Wanyiramba, Wasukuma waliofuata samaki, Wamang'ati wawili watatu, na wote walikuwa wakulima wa vitunguu. Kila chakula kilikuwa na vitunguu. Hata chai niliinusa kwanza. Tulilala kwenye nyumba zao, watoto wetu wamechanganyika na wao kwenye mkeka mmoja, na kabla sijasinzia nilikuwa nimeshapata marafiki wa kunialika krismasi.

Asubuhi ya Jumamosi tukaliona ziwa. Maji meupe yametanda, mto umeingia katikati, na ng'ambo kule kuna watu wengi wamevaa mashuka mekundu. Kwaya ya Walutheri wa Endulen ilikuwa imeshuka na punda wake. Wakatuimbia wimbo ukapita juu ya maji. Na sisi tulikuwa tunaujua, kwa maneno mengine kidogo, tukauimbia ubeti wa pili. Wakarudisha wa tatu. Jambo lile lilinifurahisha mpaka nikasahau kwamba sisi na wao huwa tunapishana barabarani bila salamu.

Baba alikaa kwenye kivuli cha mgunga, amelipa ziwa mgongo. Alisema jua linamuumiza macho.

Kilichotumaliza ni hotuba. Mashua ilikuwa tayari ukingoni tangu asubuhi, iko wazi juani, nasi tungeweza kuishusha majini palepale. Lakini mwenyekiti wa kijiji alikuwa na maneno, katibu naye, mwenyekiti wa jumuiya naye, na bwana shamba akaomba dakika chache kuhusu mbolea. Jua likapanda mpaka utosini. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikaona nyuki mmoja amepita. Akapita mwingine. Halafu nikaona kundi zima linaelekea kwenye mashua, na mbavuni mwa mashua kuna mistari inang'aa, ya manjano, inatembea kushuka chini polepole.

Jamani, kwa siku zote zile za Ganako, katika watu wazima wote wale, hakuna hata mmoja aliyewaza jua la Mang'ola!

Piusi akamsogelea Baba kwa heshima. "Mzee, nta inalia."

"Inatoa jasho tu," Baba akajibu. "Hata wewe unatoa jasho."

"Na nyuki?"

"Nyuki hawaikosei nta nzuri."

Patrisi akagusa mwanya mmoja kwa kidole, kidole kikazama mpaka kwenye pingili. Akaniangalia kwa macho ya mtu aliyeshikwa ugoni. Lakini ni mtu mkweli, akawageukia watu. "Ndugu zangu, naomba tuisogeze kivulini, tungoje jioni."

Minong'ono ikaanza. Mtu mmoja akacheka, akasema nta ya mlimani ni ya mlimani. Hapo Baba akasimama. Akavaa kofia yake ya pama, akateremka mpaka ukingoni, akawapunga nyuki kwa mkono kama wajukuu, akasema, "Iingizeni majini." Wakaiingiza. Akapanda, akakaa benchi la mbele, mgongo umenyooka kama siku ya Pasaka.

"Nitakaa humu mbele yenu wote," akasema, "halafu nitatoka mkavu."

Mpaka leo sijui kama alikuwa anaitetea nta au alikuwa anatafuta kisingizio. Nilichojua ni kwamba Baba yuko ndani ya mashua na ng'ambo kuna Germana. Nikajifunga kanga kiunoni, nikaruka ndani. Patrisi akaona mke na mkwe wameondoka, akaruka na makasia yake. Wanaume wa Mang'ola, ambao kazi yao ni kurusha magunia ya vitunguu juu ya malori, wakatusukuma kidogo tu. Tukaenda kama tumefukuzwa.

"Inaelea!" Patrisi akapiga kelele. Nadhani yeye ndiye aliyeshangaa kuliko wote.

Ilielea, ndiyo. Ila Patrisi alipopiga kasia la kulia ikazunguka, alipopiga la kushoto ikazunguka kurudi, na mto ukatuchukua polepole kuelekea katikati. Nyuma yetu wanaimba, mbele yetu wanaimba. Halafu nikahisi miguu yangu imepoa. Nikatazama chini, nikaona maji yanaingia kwenye mianya yote kwa pamoja, bila haraka, kama wageni wanaojua watakaribishwa.

"Baba, maji."

"Nimeyaona." Akavua pama, akaanza kuchota na kumwaga. Nikavua kiatu nikachota na mimi. Tulichota, tukachota, na maji yakazidi kupanda. Nta ilikuwa imejikusanya chini imekuwa uji, imeshika suruali yake.

Tukafika katikati, penye mkondo. Watu wa Mang'ola walikuwa wametuonya kwamba pale hata ng'ombe hagusi chini. Patrisi akaacha kupiga makasia. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Baba, tulikotoka ni karibu zaidi. Nigeuze?"

Lilikuwa swali la mtu mwenye akili. Nyuma ni karibu, mbele ni mbali, na mashua inajaa. Baba akatazama tulikotoka. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tushuke bondeni, akatazama mbele. Katikati ya mashuka mekundu mwanamke mwenye gauni la buluu alikuwa amesogea mpaka kwenye maji, mtoto yuko ubavuni, mkono mwingine ameuweka kichwani.

"Yule ni yeye?" akaniuliza.

Miaka minne nilikuwa nangoja swali hilo, na lilipokuja nina kiatu mkononi. "Ndiye, Baba."

"Amekonda." Maji yalikuwa yanatufika magotini. Halafu akamgeukia Patrisi. "Mkwe wangu, miaka minne nimekaa nyuma. Usigeuze."

"Tutazama, Baba."

"Tuzame mbele. Piga makasia."

Patrisi akapiga. Hofu ilimfundisha pale pale kitu ambacho picha haikumfundisha, na kwa mara ya kwanza mashua ikaenda ilikoelekea. Baba anachota kwa pama na kuhesabu kwa sauti kama anaongoza rozari, mimi nachota na kulia na kucheka. Tukauvuka mkondo. Ukingo ukaanza kuonekana vizuri, nikaziona mpaka shanga. Hapo mashua ikachoka. Haikupinduka wala haikutikisika. Ilikaa tu chini, taratibu, na sisi tumo ndani yake, kila mtu kwenye benchi lake, maji yametufika kifuani.

Nikapiga magoti. Ubao ulikuwepo, na Patrisi hajaacha kunikumbusha mpaka leo. Nikaanza Sala ya Kutubu kwa sauti kubwa. Baba akaifuata pamoja nami, na nilipoliruka neno moja kwa woga, akanirudisha nianze tena.

Nilipofumbua macho nikamwona Lomayani anakuja. Anatembea, fimbo mkononi, shuka amelikunja juu.

"Bernadina," Baba akasema polepole. "Yule Mlutheri anatembea juu ya maji?"

"Hapana, Baba. Anatembea chini. Maji yanamfika kiunoni."

Patrisi akasimama. Maji yakamfika kiunoni. Nikasimama, Baba akasimama, na pande zote mbili za ziwa, Wakatoliki na Walutheri, wakaangua kicheko kimoja ambacho sijakisikia tena tangu siku ile.

Nyuma ya Lomayani alikuja Germana, amemnyanyua mtoto juu. Kicheko kikaisha. Alisimama mbele ya Baba, na nikaona anavyofanana na mimi nikiwa na hofu.

"Shikamoo, Baba."

Maji yalikuwa yanamdondoka Baba kidevuni. Mtoto akamtazama yule mzee mgeni, halafu akafanya kama watoto wote wa Kimasai wanavyofundishwa mbele ya mkubwa: akainamisha kichwa ili aguswe. Baba akaweka kiganja juu ya kichwa kile kidogo. Akakiacha pale.

"Kichwa kina moto," akasema. "Kwa nini mtoto hana kofia na jua lote hili?"

Akamwaga maji yaliyomo kwenye pama yake, akamvika. Ilimteremka mpaka kidevuni, na humo ndani tukamsikia anacheka. "Marahaba, mwanangu," Baba akasema. Germana akamwangukia kifuani na kilio chake chote cha miaka minne, na mimi nikawaangukia wote wawili, na Lomayani na Patrisi wakabaki wameshikana mikono, wanaulizana habari za safari.

Ukingoni mama yake Lomayani, Namunyak, alimpa Baba kibuyu cha maziwa na shuka jekundu la kujifunga huku suruali yake ikikaushwa. Akajifunga. Katekista wa Daa, miaka yote ile ya koti na tai, sasa miguu nje na kifundo begani. Hakuna aliyethubutu kucheka isipokuwa mimi.

Mchungaji, mzee mpole aitwaye Metui, akasema haina haja ya kungoja Jumapili. Mashua iko chini, wenzetu hawawezi kuvuka, basi tubatizie hapahapa ukingoni wote waone. Akamwuliza Baba kama hilo litamkwaza.

"Ubatizo ni mmoja," Baba akajibu. "Hilo nimelifundisha maisha yangu yote." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Kufundisha ni rahisi."

Wakaleta maji ya mto kwenye bakuli. Kwaya ya Endulen ikaimba, na ng'ambo wetu wakaitikia. Germana akamvua mtoto ile pama. Mchungaji akamgeukia Baba, kama Germana alivyotaka, akamwuliza jina.

Hapa inabidi niseme kitu. Lukresia alipozaliwa, nilimwomba Baba nimpe jina la Mama. Akakataa. Alipozaliwa Konsolata nikamwomba tena, Mama akiwa na mwaka mmoja kaburini, akanijibu, "Bado sijamaliza kumwita mwenyewe." Sikumwomba tena, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemsikia akilitamka. Nilidhani ataondoka nalo.

"Cresensia," Baba akasema.

Alisema kwa sauti ndogo sana, hata mchungaji ilibidi ainame. Nilihisi wivu umenichoma kama sindano, nisidanganye, na hapohapo ukaondoka, kwa sababu nilimwona usoni. Maji yakamwagwa, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, mtoto akapiga chafya.

Ng'ambo walikuwa wamesimama, wanangoja. Sauti ya Piusi ikatufikia juu ya maji. "Hatujasikia huku! Anaitwa nani?"

Mchungaji akavuta pumzi ili awajibu, lakini Baba akamshika mkono. Akasogea mpaka miguu ikaingia majini, akaweka viganja viwili mdomoni, akaita kwa sauti yake ya kanisani, ile ya kufika benchi la mwisho: "Cresensia!"

"Cresensia!" wakaitikia wote ng'ambo, na wasichana wangu miongoni mwao.

Walikuwa wamesikia. Walishaanza kupiga vigelegele na ngoma imeshashikwa. Baba alibaki amesimama pale majini, shuka limelowa, akaita tena, na tena, ingawa sasa hakuna aliyekuwa amemwuliza.